Alama Saba za Pompe ya Asidi

Asubuhi moja ya mwaka 1974, Mwenze alitoka nyumbani kwake Kapata kwenda kazini. Kazi yake ilikuwa kuangalia pompe, yaani pampu, ya kusukuma asidi katika kiwanda kimoja cha shaba karibu na Kolwezi. Mke wake, Bilonda, alimsindikiza hadi mlangoni.

"Tata, uchunge na ile pompe," alisema.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Mwaka uliopita pompe hiyo ilipasuka ghafla. Asidi ilimrukia Kisimba, mwenzake Mwenze, ikampofusha jicho moja.

Kazini Mwenze alimkuta Mama Mbelu wa maabara, ameshika karatasi yenye mistari.

"Tata Mwenze, kila saa usome joto ya pompe ku kipimo, utie alama hapa."

"Mama, mi nasikilaka pompe na masikio. Miaka kumi na mbili!"

"Na ile siku ya Kisimba, masikio ilikuambia nini?"

Mwenze akaipokea karatasi.

Mbelu akaeleza polepole. "Tulipima siku makumi mbili, pompe ikiwa muzima. Joto inapandaka, inashukaka, katikati ya hii mistari mbili nyekundu. Ile haina neno. Lakini alama saba zikipanda zikifuatana, hata hazijafika ku mustari, simamisha. Kuko kitu kinaharibika ndani."

Wiki tatu alama zilirukaruka, juu na chini. Kisha Jumanne moja zikaanza kupanda. Nne. Tano. Sita. Mwenze akaweka kiganja juu ya pompe: joto lile lile la kila siku. Akatega sikio: mngurumo ule ule. Akatia alama ya saba. Mstari mwekundu ulikuwa bado mbali.

Akisimamisha bure, kiwanda kizima kitamcheka. Hata hivyo akawasha pompe ya akiba, akaizima ile yenye alama saba.

Mafundi waliifungua. Ndani, pete ya chuma inayoshika mhimili ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Isingefika kesho," fundi mmoja alisema.

Mwenze aliishika ile pete kwa mikono miwili, kinywa wazi. "Mungu wangu! Ilikuwa inalia, na mi sisikii. Karatasi ndiyo ilisikia."

Mwezi uliofuata kila pompe ilipata karatasi yake. Wafanyakazi wapya walifundishwa na Mwenze mwenyewe. Kwanza aliwaambia waweke kiganja juu ya pompe, watege sikio.

"Munasikia ugonjwa?"

"Hapana, tata."

"Hata mi. Sasa mulete kalamu."