Kadi ya Consolée

Kila asubuhi Noella alivaa sare yake ya shule, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, akamuaga mama yake kama mwanafunzi yeyote wa mtaa wa Kasenga. Mama Agnès, aliyekuwa akipanga ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye beseni la kwenda nalo sokoni, alimjibu bila kuinua kichwa.

"Enda muzuri, mwanangu. Usicheze mu njia."

Noella hakucheza njiani. Hakwenda shule pia. Alipofika nyuma ya ukuta wa kanisa, alivua ile sare, akavaa fulana kuukuu na kitenge, akashika barabara ya Kavimvira kuelekea kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Ndani ya soksi yake mlikuwa na kadi ya mpiga kura, ile ambayo watu wa mji wa Uvira, kando ya ziwa, huionyesha kila mahali wanapoulizwa wao ni nani. Kadi hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake Consolée, na Consolée alikuwa amekufa.

Tusimlaumu mtoto huyu kabla hatujamsikia. Ziwa lilipopanda na kuingia mitaani, nyumba yao ya Kimanga ilijaa maji mpaka madirishani, wakakimbilia Kasenga na godoro moja na masufuria. Baada ya maji kikaja kipindupindu, nacho kikamchukua Consolée upesi, hata kabla hawajapata mtu wa kumbeba. Baba yao, Damien, alikuwa ameondoka zamani kwenda kutafuta dhahabu upande wa Misisi, na habari zake zilikatika. Tangu mazishi, Mama Agnès aliwaomba majirani wasimwite tena Mama Consolée.

"Muniite Mama Noella," alisema. "Ile jina ya zamani inaniunguza."

Kisha Noella akafukuzwa shuleni kwa sababu karo haikulipwa. Alitaka kumwambia mama yake, lakini jioni ile alimkuta amepakua ugali wote kwenye sahani moja, akisema yeye ameshiba. Noella alijua kwamba mama hakushiba. Akanyamaza, na usiku huo akaichukua kadi ya dada yake iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya Biblia, apate kuandikwa kazi kama mtu mzima.

Mashine ile ilikuwa ya mama mmoja aliyeitwa Maman Charlotte, naye alikuwa na desturi yake. Mfanyakazi mpya hakuanza kazi kwa kuonyesha kadi peke yake. Ilikuwa lazima aje na ndugu, au apelekwe kwa shefu wa avenyu yake, mtu anayezijua nyumba zote za barabara ile, aseme kwa kinywa chake, "Ndiyo, huyu ninamujua." Aliyepewa kazi hiyo ya kuhakikisha alikuwa karani Cyprien. Siku Noella alipofika, malori ya mpunga kutoka Runingu yalikuwa yamejipanga mlangoni, madereva wakipiga honi na kutukana, na Cyprien alikuwa amepungukiwa watu.

"Jina yako?"

"Consolée."

"Ulizaliwa mwaka gani?"

Noella akautaja mwaka wa kuzaliwa wa dada yake. Alikuwa ameukariri njia nzima. Cyprien akaitazama picha, akamtazama yeye. Wasichana wale walifanana paji la uso na mwanya wa meno.

"Mbona weye iko mufupi hivi?"

"Njo vile tuko kwetu, papa. Sisi wote ni wafupi."

Cyprien akacheka. "Sawa. Mambo ya shefu wa avenyu tutaangalia kesho."

Kesho hiyo haikufika. Noella alipewa koti la kazi la mtu mzima, likamfika magotini, akaikunja mikono ya koti hilo hadi vidole vikaonekana. Kazi yake ilikuwa kufagia pumba na kushika midomo ya magunia. Vumbi lilimwingia kooni, na jioni alikohoa njia yote ya kurudi. Wenzake walimtania sana, kwa maana walipomwita hakugeuka.

"Consolée! Weye Consolée! Uko kiziwi?"

Ndipo alipokumbuka kuitika. Kila alipoitika jina la dada yake, moyo ulimuuma.

Siku moja, alipokuwa akifagia karibu na mota, mkono mmoja wa lile koti ulikunjuka. Alikuwa ameinama, hakuuona. Mkanda wa mashine uliudaka ule mkono wa koti na kuuvuta, pamoja na mkono wake wa kulia uliokuwa ndani. Mtu akapiga kelele mashine izimwe. Ilipozimwa, walikuwa wamechelewa.

Cyprien mwenyewe alimpeleka hospitali kwa pikipiki, amempakata. Walipomvua lile koti kubwa na kuona mabega yake ya kitoto, uso wa karani ulibadilika.

"Iko na myaka ngapi ya kweli?" alimnong'oneza.

"Kumi na tatu."

Cyprien alitazama huku na huku. "Sikia vizuri. Weye ni Consolée. Ukisema ingine, batatufunga sisi wote, minye na weye na mama yako. Umesikia?"

Noella alisikia. Akalazwa kwenye kitanda nyuma ya pazia, mkono umefungwa vitambaa ambavyo havikukaa vyeupe. Daktari akaja, akauangalia, akasema maneno machache tu. Damu iliyomtoka ilikuwa nyingi mno. Bila kuongezewa damu hawezi kupasuliwa, na bila kupasuliwa hakuna anayejua kama ataiona asubuhi. Ndugu zake waitwe haraka waje kutoa damu. Mwendesha pikipiki aliyewaleta alitumwa kwenye anwani iliyoandikwa kwenye kadi iliyotolewa ndani ya soksi, akarudi suruali imelowa.

"Ile avenyu hapana iko tena," alisema. "Ni maji tu. Hakuna muntu."

Muuguzi akatoka hadi kwenye ujia uliojaa watu, akaita kwa sauti. "Mama ya Consolée! Ndugu ya Consolée wa mashine ya mpunga!"

Hakuna aliyesimama. Noella alikuwa amefumba macho, akihisi baridi ikipanda miguuni, aliposikia sauti anayoijua kuliko sauti zote duniani.

"Samahani, mama. Minatafuta mutoto wangu. Jina yake Noella. Leo nimeambiwa na rafiki yake Délice kama siku nyingi haonekane ku masomo."

"Noella hapana iko huku, mama. Tuko na Consolée tu."

"Consolée," Mama Agnès alisema polepole. "Minye njo nilikuwa Mama Consolée. Lakini ule wangu nilimuzika."

"Pole sana, mama. Basi ni mwingine." Muuguzi akapunguza sauti. "Kama hamumupate kwa jamaa, muende muulize na kule nyuma. Kwa nyumba ya maiti."

Noella alisikia kandambili za mama yake zikiburuzika, zikienda mbali. Alizijua, moja ilikuwa imeshonwa kwa waya na ilikwaruza sakafu. Hofu ilimshika kweli. Akisema, Cyprien alikuwa ameahidi jela kwa wote. Asiposema, mama yake alikuwa anakwenda kumfunua maiti mmoja baada ya mwingine akimtafuta yeye, na yeye mwenyewe alikuwa anakufa hapa kwa jina la mtu aliyekwisha kufa.

"Mama!" aliita.

Sauti ilitoka nyembamba. Ujia ule ulijaa watoto wanaoita mama zao, nani angegeuka? Kandambili hazikusimama. Noella akakusanya nguvu zote zilizobaki mwilini.

"Mama Noella! Minye si Consolée! Minye ni Noella! Niko huku!"

Pazia lilivutwa kwa nguvu karibu ling'oke. Mama Agnès alimtazama mtoto wake, akautazama mkono, akaiona ile kadi juu ya meza na uso wa Consolée ukimwangalia. Hakugomba wala hakulia. Alikunja mkono wa blauzi yake na kumnyooshea muuguzi.

"Toa," alisema. "Toa yote munayotaka."

Noella hakufa. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikuokolewa, na hakuna hadithi inayoweza kuvirudisha.

Alipoanza kupata nafuu, Maman Charlotte alikuja na Cyprien nyuma yake. Cyprien hakuinua macho.

"Kosa ya mutoto ni kubwa," Maman Charlotte alimwambia Mama Agnès, "lakini yetu njo ilitangulia. Sheria ya inchi inakataza kuandika mutoto ku kazi, na minye ninaijua. Cyprien aliangalia kadi, hakuangalia muntu. Kisha akamufundisha mutoto kudanganya mu kitanda cha hopitali. Hataandika tena hata muntu mumoja kwangu, na leo tumeenda wote kwa inspekta wa kazi, tumesema kila kitu. Matunzo ya hopitali na masomo yake ni juu yangu." Akamgeukia Noella. "Na weye, mwanangu, ujue kitu kimoja. Kumuuliza muntu yeye ni nani, si kumuzarau. Ni kusudi siku akianguka, tujue tutaita nani."

Walipoondoka, Mama Agnès aliichukua kadi ya Consolée, akaifuta vumbi la mpunga kwa ncha ya kitenge. Alisema ataipeleka kwa shefu wa avenyu, irudishwe serikalini, Consolée apumzike. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda. Hapo ndipo alipolia.

"Noella, njaa ningepigana nayo. Kwa masomo ningeenda kumulilia direkta wa masomo. Lakini siku ile nilizunguka Uvira yote na kitu kimoja tu mu kinywa, jina yako. Sikuwa na ingine ya kukutafuta nayo. Na weye ulikuwa umeitupa. Mara ingine ukiwa na shida, uniletee ile shida yenyewe, hata iwe mbaya namna gani. Usijifiche mu jina ya mwingine, sababu sitajua kukuita."

Noella alitaka kuomba msamaha, machozi yakamtangulia. Mama yake akampangusa uso.

"Noella," alimwita, kama mtu anayejaribu kuona kama mlango unafunguka.

Safari hii hakuitwa mara mbili.

"Niko, mama."