Anayekalia Kiti cha Nderitu

Mteja aliingia alasiri, mvua ikinyesha, akaketi kwenye benchi na kukunja mikono. Waithira alimwona vizuri kwenye televisheni ndogo ya chumba cha nyuma, akaepua sufuria ya chai na kutoka kumhudumia. Benchi lilikuwa tupu. Sakafuni hapakuwa na alama hata moja ya tope, na Eldoret wakati wa mvua hakuna anayeingia dukani bila kuacha tope.

"Jepkosgei, yule mama ametoka saa ngapi?"

"Mama gani?" Mshonaji wake hakuinua macho kwenye cherehani. "Tangu lunch hakuna mtu amekuja."

Waithira akarudi nyuma. Kwenye televisheni yule mama alikuwa angali ameketi, amejifunika shuka jeusi mpaka puani.

Mtu mwingine angefunga duka akaenda zake. Waithira hakuwa na nafasi hiyo. Mumewe Nderitu alipofariki, shemeji yake Waweru alifika kutoka Cheptiret udongo wa kaburi ungali mbichi, kuulizia ufunguo wa duka. Kufa kufaana, walisema wahenga, na Waweru aliwasikia vizuri. Wazee wa ukoo wakaamua kwamba Waithira alishike duka la vitambaa kwanza, waone. Ila siku likikutwa limefungwa, hata siku moja, ufunguo uende kwa Waweru. Wakanywa pombe yao wakijiona wametenda haki.

Ndipo vitenge vikaanza kupotea kila alipokuwa nyuma akipika. Akanunua kamera kuukuu, ya kuunganishwa kwa waya na televisheni, akamwita Shitanda, fundi wa redio kutoka Huruma, aje aifunge.

Shitanda alitaka kuifunga katikati ya ukuta, mahali panapoona duka zima. Lakini pale ilitundikwa picha ya Rais, na miaka ile duka lisilo na picha hiyo lilikuwa na maswali mengi ya kujibu.

"Hiyo siguzi, Mama," alisema Shitanda. "Hata vumbi yake siguzi."

Akaenda kwenye kona. Palikuwa na msumari mweusi uliozungushiwa uzi mwekundu. Akaung'oa, akafunga kamera palepale kwenye tundu lake. Na kwa kuwa hakuna fundi wa mji ule anayetupa msumari mzima, akaupigilia juu ya mlango wa nyuma ushikilie waya. Basi balaa likaingia hivyo, kwa watu wawili kuogopa picha.

Kila alasiri yule mama alisogea. Alitoka kwenye benchi akasimama kwenye kaunta, kisha akapita nyuma ya kaunta. Waithira alianza kusikia kitambaa kikichanwa polepole, na akikagua majora anayakuta yote mazima. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Kisha asubuhi moja alikalia kiti chake nyuma ya kaunta, kile alichokalia Nderitu maisha yake yote, akakikuta kina joto, kana kwamba kuna aliyeinuka sasa hivi.

"Mama." Jepkosgei alikuwa ameingia nyuma kuchukua pasi, macho yake yakaganda kwenye televisheni, na sauti yake ilitoka kidogo sana. "Mama, simama polepole. Usiangalie nyuma."

"Kuna nini?"

"Ako nyuma yako. Ameweka kidevu kwa bega lako."

Waithira alisimama. Hakukimbia. Alivuka barabara hadi kwa Mama Rukia, muuza ubani na manukato, ambaye marehemu baba yake ndiye aliyelipanga duka lile kabla ya Nderitu. Rukia aliingia, akatazama kona, akashika kichwa.

"Wallahi, mmetoa msumari ya baba! Huyo alifungwa hapo kwa kisomo, mimi nikiwa mdogo. Sasa ametoka, ameona kiti, amekipenda. Funga duka wiki moja, dada, tusome."

"Duka sifungi."

"Waithira, huyu si mwizi wa vitenge."

"Na mimi si mpangaji wa jini. Niambie dawa nyingine."

Rukia akaikazia macho kona tena. "Rudisha msumari kwa tundu lake, leo, kona ifungwe yeye akiwa nje. Akikosa kona hana kwao tena. Atang'ang'ania hicho kiti, na mtu wa kwanza kukikalia bila wewe kumkaribisha, ataondoka naye. Mkono wa kupigilia uwe wako, mwenye duka."

Shitanda akaitwa. Lakini kamera ikitoka kwenye kona ingekaa wapi, isipokuwa pale katikati? Wote wakainua macho kwenye picha, kisha wakayashusha.

"Mama, watu wamepotea kwa mambo madogo kuliko hii," alinong'ona Shitanda.

"Mimi pia nimechoka kuogopa vitu vya ukutani," alisema Waithira. Akapanda stuli, akaitoa picha mwenyewe, akamkabidhi Shitanda, naye akaipokea kama aliyepewa mtoto mchanga wa watu.

Rukia akafukiza ubani. Waithira akaing'oa kamera, akautoa msumari juu ya mlango wa nyuma, akauweka kwenye tundu lake, na aliponyanyua nyundo baridi ikamshuka shingoni, harufu ya nywele ikamjaa kooni, majora yote rafuni yakaanza kuchanika kwa sauti ingawa hakuna uzi uliokatika, na palepale sikioni mwake, kwa ile sauti nzito aliyoililia usiku baada ya usiku, marehemu mumewe akasema, "Waithira, umechoka. Mpe Waweru ufunguo, uje upumzike."

Machozi yakamtoka. Aliitamani sauti ile kuliko duka.

"Nderitu hakuniita hivyo hata siku moja," alisema. "Aliniita mama wa Nyakio, kama mwanamume anayeheshimu mkewe. Wewe hata jina langu la nyumbani hulijui, na unataka kiti changu!"

Akapiga nyundo mpaka msumari ukazama. Shitanda akaifunga kamera katikati. Picha wakaitundika konani, juu ya msumari, ikalinda.

Waweru alifika asubuhi iliyofuata. Habari za majini hufika Cheptiret kabla ya basi.

"Naskia hapa kuna mashetani. Unafunga lini?"

"Duka liko wazi, shemeji. Karibu benchi. Lakini hicho kiti usikalie. Nakwambia, na Jepkosgei ni shahidi."

"Kiti ni ya ndugu yangu." Akaketi, akanyoosha miguu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Punde akaanza kujisugua bega. Alisema pana baridi, kichwa kinamgonga, atarudi siku nyingine. Akainuka bila hata kutaja ufunguo. Kutoka chumba cha nyuma Jepkosgei akaita kwa mnong'ono. Waithira akachungulia televisheni, akaona, akaenda kufungua milango yote miwili ya mbele.

"Mbona unafungua yote? Ni mtu mmoja anapita," alinung'unika Waweru.

"Pita tu, shemeji."

Aliposhuka barazani, Waithira alirudi akaketi kwenye kiti chake. Kilikuwa baridi.