Jina la Papa Ezéchiel kwenye Mashine

Pascaline, mutoto wa rafiki yangu, anachunga mashine kubwa yenye dosie za wagonjwa kwenye hospitali kule Muhumba. Kwenye kioo chake anaona nani anafanya kazi ndani ya mashine na nani anaizuia. Siku moja dosie zikagoma kufunguka, wagonjwa wakajaa mulangoni, na kwenye kioo muzuiaji alikuwa Papa Ezéchiel, aliyechunga mashine ile mbele yake. Huyo tulishamuzika Mumosho.

« Achana naye, » shefu akanong'ona kwa woga, na kravati yake yote. « Jina la marehemu halifutwi kabla matanga haijaisha. »

« Na wagonjwa wangojee matanga? »

Pascaline akamukata kwenye mashine. Marehemu akarudi. Akamukata tena, akarudi, kutoka kompyuta ya meza ya zamani ya marehemu, isiyo na hata kamba ya umeme.

« Papa, kazi yako ilikwisha. Toka! » Akalifuta jina lenyewe.

Umeme ukakatika. Chumba kile hakina dirisha. Mashine ikanyamaza, giza likajaa. Kwenye ile meza vibonyezo vikaanza kulia polepole, kidole kimoja kimoja, vile marehemu alizoea kuandika.

« Andika tu, » Pascaline akasema. « Mimi sitoki. »

Umeme ukarudi. Kwenye kioo jina la Ezéchiel halikuwepo tena. Kwenye ile kompyuta isiyo na kamba, aliyekuwa anafanya kazi sasa ni Pascaline.