Kofia ya Sufu na Jani la Isale

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya Rodney. Hivyo ndivyo mama alivyoamua tangu mtoto huyo aanze kutembea, na mama akishaamua jambo, hata mvua ya Old Moshi haimrudishi nyuma. Alfajiri alipika mtori mwepesi wa ndizi, akaujaza kwenye hotpoti ndogo, akaufungasha pamoja na nepi, maji na nguo za akiba. Kisha akamvalisha Rodney kofia ya sufu, maana huku mlimani baridi ya asubuhi haina mchezo. Wangeteremka mjini Moshi hadi kwenye bustani ya watoto, wapande treni ndogo inayozunguka bustani hiyo, halafu warudi nyumbani mchana.

“Mtoto naye anahitaji kuona dunia,” mama alipenda kusema. “Akiona migomba tu, atadhani ulimwengu wote ni kihamba chetu, shamba hili la nyumbani.”

Dada yake Rodney aliitwa Joyness. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na siku hiyo alikuwa na mipango yake. Rafiki yake Evaline, aliyehamia mjini mwaka huo, alikuwa amemwahidi kwamba wangekutana bustanini waruke pamoja kwenye trampolini. Basi mama aliposema, “Leo utanisaidia kumshika mdogo wako,” Joyness alinuna.

“Kila siku mimi! Kwani mimi ni yaya?”

Mama alifunga hotpoti, akambeba Rodney mgongoni, akatoka. Njia nzima hakusema lolote, na ukimya huo ulimuuma Joyness kuliko kama angegombezwa.

Bustani ilikuwa imejaa. Akina mama walikuwa wametandika khanga kwenye majani, watoto wachanga wakitambaa juu yake. Baba mmoja alikuwa akihangaika kukamata puto lililomponyoka mwanawe. Rodney alipoiona treni ndogo yenye kengele, alipayuka, “Tutu! Tutu!” hadi watu wakacheka. Mama akamvua kofia, kwa kuwa joto la mjini lilikuwa limeshaanza.

“Mshike nikakate tiketi za treni,” mama alimwambia Joyness. “Foleni si ndefu, narudi sasa hivi. Usimwachie hata kidogo. Umesikia?”

“Nimesikia, mama.”

Na kweli alisikia. Masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote siku ile. Lakini mama alipofika kwenye foleni tu, Evaline huyo akatokea mbio, simu ya mama yake mkononi.

“Joy! Njoo uone video nilivyoruka jana!”

Joyness alimkalisha Rodney kwenye ngazi ya tatu ya mtelezo. “Kaa hapo, nakuja,” akamwambia. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne umwambie akae hapo, naye akae! Jamani! Joyness akageuka, akainamia simu, wakaanza kucheka.

Kicheko kilikatishwa na kishindo kimoja tu.

Rodney alikuwa amelala chali kwenye ukingo wa saruji, pale mchanga ulipoishia. Macho yalikuwa wazi, mdomo wazi, lakini sauti haikutoka. Joyness alimkimbilia. Alimnyanyua, akamtikisa, akamwita jina. Baada ya muda mfupi uliokuwa mrefu kuliko asubuhi nzima, Rodney alivuta pumzi na kulia kwa nguvu.

“Yuko sawa huyo,” alisema Evaline. “Mtoto akianguka akalia, hana shida. Usimwambie mama yako, atatugombeza wote!”

Joyness alipapasa kisogo cha Rodney. Uvimbe ulikuwa unainuka chini ya vidole vyake, mgumu, wenye ukubwa wa kokwa la parachichi. Alitazama kwenye foleni. Mama alikuwa amefika dirishani. Saa ya simu ilionyesha saa nne na dakika ishirini, na hata baadaye Joyness hakuweza kuisahau. Haraka haraka akaitoa ile kofia ya sufu kwenye mkoba, akamvalisha Rodney, akaivuta hadi masikioni.

Mama aliporudi na tiketi, Rodney alikuwa akilia kwa kwikwi tu, na Evaline alikwisha kutokomea.

“Mbona umemvalisha kofia na joto lote hili?”

“Jua, mama. Lisimchome.”

“Na alikuwa analia nini?”

“Alikuona ukiondoka.”

Uongo ulitoka laini, kama maji bombani. Mama akauamini.

Wakiwa wanangoja treni ijaze abiria wake wadogo, Joyness aliona kwamba uzio wa bustani umepandwa masale, yale majani marefu yanayozunguka vihamba vyao nyumbani. Kwao, aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la isale, na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe. Babu alishawahi kuletewa na jirani waliyegombana kwa mwaka mzima. Joyness aliwaza kwamba kama mama angelipokea jani, basi kosa lingekwisha, na asingelazimika kusema neno hata moja. Akachuma moja, akamwendea mama, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Mama alilitazama jani, kisha akamtazama binti yake. Machozi yalimlengalenga.

“Mwanangu! Ni kwa lile neno la asubuhi, la yaya?”

Joyness alifumbua mdomo. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Badala yake aliinamisha kichwa, na kichwa kilichoinama hufanana sana na kichwa kinachokubali.

“Yamekwisha,” mama alisema, akamkumbatia. “Yamekwisha kabisa.” Akalikunja jani vizuri na kulitia kwenye pindo la khanga.

Hapo ndipo Joyness alipoanza kuogopa kweli. Msamaha alikuwa nao, lakini si wa kosa lake.

Treni iliondoka, kengele ikalia. Watoto wote walipiga kelele isipokuwa Rodney. Alikaa amelegea mapajani mwa mama, kichwa kikiyumba.

“Rodney, tutu hiyo!” mama alimchekesha. “Haya, tutu!”

Rodney alifumba macho.

“Kachoka,” alisema mama. Waliposhuka alijaribu kumlisha mtori. Rodney alimeza vijiko viwili, akavitapika vyote kwenye khanga.

“Ni hili joto. Twende zetu nyumbani akalale.”

Joyness alibeba mkoba akifuata nyuma, akihesabu hatua ili asifikiri. Lakini alifikiri. Akilia hana shida, Evaline alisema. Alilia, si alilia? Basi mbona halii sasa? Mbona hata jua likimpiga usoni hafungui macho?

Karibu na stendi Rodney alitapika tena, na safari hii hakuamka vizuri. Gari la kupanda Old Moshi lilikuwa linakaribia kuondoka.

“Bado wawili tu! Mama, wahi siti!” aliita kondakta.

Mama aliweka mguu mmoja kwenye gari. Joyness alijua kabisa njia ya kwao ilivyo. Hospitali ilikuwa huku chini. Kule juu kulikuwa na migomba, ukungu na kitanda ambacho Rodney angelazwa, na wote wangesema amechoka.

Aliikamata khanga ya mama kwa mikono miwili.

“Mama, tusipande! Ameanguka! Rodney ameanguka kwenye ngazi ya mtelezo, amegonga kisogo kwenye saruji. Nilimwacha. Nilikuwa naangalia simu ya Evaline. Ile kofia nilifichia uvimbe. Mama, nilikudanganya!”

Mama aliivuta ile kofia. Alipapasa kisogo, na rangi ikamtoka usoni.

“Ruwa wangu!” alisema. Mama humwita Mungu kwa Kichagga anapoishiwa na Kiswahili. Hakumpiga Joyness wala hakumtazama. Alisimamisha bajaji, akaingia, naye Joyness akajitupa ndani kabla haijaondoka.

Hospitalini walipokelewa na muuguzi mnene mwenye sauti ya upole. Kwenye gauni lake paliandikwa Dafroza.

“Shikamoo,” alisema Joyness kwa sauti ya chini.

“Marahaba. Mama, mtoto aligonga kichwa saa ngapi?”

Mama alimgeukia Joyness. Joyness akasogea mbele.

“Saa nne na dakika ishirini.”

“Alianguka kutoka juu kiasi gani?”

“Ngazi ya tatu. Hapa,” alisema akigusa kiuno chake. “Alianguka chali, kwenye saruji.”

“Alilia papo hapo?”

“Hapana. Alinyamaza kwanza, kama vile amekosa pumzi. Ndipo akalia.”

“Ametapika mara ngapi?”

“Mara mbili.”

Muuguzi aliandika kila kitu, kisha Rodney akapelekwa ndani kwa daktari, akapigwa picha ya kichwa. Joyness alibaki kwenye benchi, kofia ya sufu mikononi. Aliisokota na kuisokotoa. Aliomba Mungu, akaahidi mambo mengi, hata ya kutokula mandazi maisha yake yote.

Saa zilikwenda polepole mno. Hatimaye daktari alitoka na kusema ubongo ulitikisika, lakini hakuna damu iliyovuja ndani. Rodney angelazwa usiku huo ili aangaliwe. Mama alikaa kwenye benchi akalia kwa kwikwi, na Joyness akalia pamoja naye, kila mmoja upande wake.

Asubuhi ya Jumapili, kengele za makanisa ya mji zilipoanza kulia, Rodney alifumbua macho, akasikiliza, akaelekeza kidole dirishani.

“Tutu!”

Muuguzi Dafroza alicheka, kisha akaketi karibu na Joyness. “Sikiliza, binti. Mtoto akigonga kichwa, kulia peke yake si kipimo. Akitapika, akilegea, akisinzia isivyo kawaida, ni hospitali mara moja. Jana ungenyamaza, mngemlaza nyumbani mkidhani amelala. Tungeyajuaje haya yote? Yeye hawezi kusema. Ulikuwa wewe tu.”

Mama alifungua pindo la khanga, akalitoa lile jani la isale. Lilikuwa limenyauka. Akampa Joyness.

“Lirudishe hili. Nililipokea kwa kosa dogo, kumbe lilikuwepo kubwa. Sasa lilete upya, na safari hii useme.”

Joyness alilinyoosha tena kwa mikono miwili. “Mama, nilimwacha Rodney peke yake. Akaumia. Nikaficha, nikakudanganya. Nisamehe.”

Mama alilipokea. “Nimekusamehe. Lakini ukumbuke, mwanangu. Mtu yeyote anaweza kukosea, hata mimi. Kosa lililosemwa tunaweza kulikimbiza hospitali. Lililofichwa linaendelea kuumiza huku sisi tunapanda treni na kucheka. Jani hili halisemi kwa niaba yako. Linakupa tu ujasiri wa kusema.”

Kabla ya kuwaruhusu, muuguzi aliwakumbusha dalili zote za hatari. Kwa siku kadhaa mtoto asiachwe bila mtu mzima karibu, na wakati wote awepo wa kumtazama.

“Mama, nyumbani nani atakusaidia kumwangalia?”

Joyness alitazama sakafu. Mama alimtazama binti yake, kisha akamwinua Rodney na kumweka mikononi mwake.

“Dada yake,” alisema mama.

Joyness alimpokea mdogo wake kwa mikono yote miwili. Kofia aliiacha mkobani.