Abiria wa Sebuleni

Mimi si mwepesi wa kuamini mambo. Mtu akiniambia kaona jini, humuuliza kwanza alikunywa nini. Lakini hili lilimpata dada yangu, tumbo moja, na sehemu yake nilikuwepo mwenyewe, nimekaa kiti cha nyuma. Usiponiamini sitakulaumu.

Mume wa dada alikuwa mwalimu wa udereva. Tulimwita Breki, maana hilo ndilo neno lililomtoka mdomoni kutwa nzima, hata usingizini. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye subira ya kupitiliza. Wanafunzi wake wote aliwaanzia mahali pamoja: gari haliingii barabarani kabla halijaingia kichwani. Aliwakalisha kwenye viti vya mbao, wakazungusha usukani wa hewani na kukanyaga klachi isiyokuwepo, wapita njia wakiwachungulia dirishani na kucheka. Walicheka, lakini wanafunzi wale walifaulu.

Basi mwaka ule akaamua kumpeleka binti yake kuona wanyama. Walikuwa naye huyo mmoja tu, waliyempata baada ya kungoja mpaka watu wakachoka kuwaombea. Tulimwita Chiriku kwa jinsi alivyoongea bila kumeza mate. Ramani ikatandazwa mezani. Kwanza bwawa la viboko, kisha ziwa la ndege heroe, halafu uwanda wa twiga na pundamilia, na mwisho nyumba ya wageni ambako tembo hupita jioni kunywa maji. Dada, ambaye ni muuguzi na hapendi kubahatisha, akauliza habari za dawa, maji na choo.

"Yote hayo tutayajua kwenye mazoezi," Breki akamjibu.

Mazoezi yenyewe yalifanyika sebuleni, Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa. Viti vya mezani vilipangwa viwili viwili kama vya gari. Mfuniko wa sufuria ukawa usukani. Breki alinguruma kwa mdomo, akapiga honi, akatukana malori yaliyompita vibaya. Kila kituo alisimama, na kila mmoja akataja anachokiona dirishani. Mimi nilipoalikwa niliona kiboko aliyefanana na mkuu wangu wa kazi. Tulicheka sana siku zile.

Jumapili moja, tukiwa tumeshapita bwawa la viboko, Chiriku akapiga kelele. "Baba, simama! Kuna mtu anapunga mkono."

"Wapi?"

"Pale kwenye matete. Ametugeuzia mgongo, lakini anapunga."

Hapo hapakuwa na kituo kwenye mpango wetu. Lakini Breki hakuwa mtu wa kumwacha mtu njiani, hata kwenye mchezo. Akakanyaga breki, akavuta kiti kimoja kitupu akakiweka kando ya Chiriku, akafungua mlango wa hewani. "Karibu, mzee wangu, karibu sana. Sogea ndani. Unaelekea wapi?"

Akainama kama mtu anayesikiliza jibu, akitufanyia vituko. Chiriku akajibanza upande kumpisha mgeni. Mara harufu ya kuungua ikaja kutoka jikoni, dada akatimka, na mchezo ukaishia hapo. Viti vikarudi mezani. Hakuna aliyekumbuka kumshusha abiria.

Kesho yake Chiriku hakutaka mtu akalie kile kiti. Hilo tuliliona ni utoto. Halafu akaanza kulala ukingoni mwa kitanda, sehemu kubwa akiiacha wazi. Dada alipokuwa akitandika asubuhi, upande ule ulikuwa na unyevu, na shuka zilinuka tope la bwawani. Akampima mtoto joto, akambadilishia godoro. Akasema ni mkojo, ingawa pua yake ya muuguzi ilimwambia sivyo.

Kisha Chiriku akanyamaza. Mtoto aliyekuwa hamalizi sentensi bila kuanza nyingine akawa anakaa kimya, akitikisa kichwa polepole kama anayeongeleshwa. Dada akamwita pembeni, akambembeleza. Mtoto akamsogelea sikioni.

"Anauliza tutaendelea lini. Amechoka kungoja."

"Nani, mwanangu?"

"Yule mzee. Anasema akishuka, nishuke naye. Kwake hakuna mtu."

Siku iliyofuata dada alirudi kutoka zamu akamkuta Chiriku kwenye mlango wa mbele, amevaa viatu, mkoba mgongoni. Mkono mmoja ulikuwa umeinuliwa juu, vile mtoto anavyoshikwa na mtu mzima wakati wa kuvuka barabara. Hapakuwa na mtu mzima. Dada akamnyakua, akafunga milango yote, funguo akazifunga kwenye upindo wa kanga yake. Kisha akanipigia simu nije. Sauti yake ilinifanya nisiulize kwa nini.

Nilimkuta Breki ameketi sakafuni, macho mekundu. Alikuwa ameshaita watu wa dini, nao wakasoma, wakaondoka. Dada alikuwa amesimama mbele yake.

"Uliyempandisha, mshushe," akasema. "Wewe ndiye dereva."

Tukapanga viti. Mchana kweupe, mapazia wazi, jirani amefungulia redio, kuku wanaparua uani. Breki akakaa mbele na mfuniko wake, dada kushoto kwake. Nyuma yao Chiriku, na kile kiti. Mimi nikakaa nyuma kabisa. Nilijiona mjinga, nakwambia kweli.

Breki akawasha gari kwa mdomo. Mdomo wake ulikuwa umekauka, mngurumo ukakatikakatika. Tukaondoka. Akataja bwawa la viboko kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Hakuna aliyesema anaona nini. Tukapita.

Ndipo nikagundua kuwa redio ya jirani siisikii tena. Wala kuku. Breki alikuwa amefumba mdomo, lakini mngurumo uliendelea. Kiti changu kilikuwa kinatetemeka kama tuko kwenye changarawe. Harufu ya tope ikajaa sebule nzima.

"Hapo," Chiriku akanong'ona. "Kwenye matete."

Breki akakanyaga breki. Sote tukatupwa mbele. Mimi pia. Nikagonga paji la uso kwenye kiti cha Chiriku.

Kimya.

Kile kiti kitupu kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapojiinua. Mkono wa Chiriku ukapanda juu. Mikunjo ikajitokeza kwenye kiwiko cha sweta lake, mahali paliposhikwa.

"Mama, anasema tushuke."

Dada akamkumbatia kiunoni. Mtoto akaendelea kuvutwa. Taratibu tu, bila haraka, kama mtu mwenye haki yake. Nikamshika miguu. Ilikuwa ya baridi, nayo ilikuwa inaniponyoka. Dada alikuwa analia bila sauti.

Breki akageuka. Alikitazama kile kiti, akalamba midomo, akaongea kwa adabu, kama anavyoongea mtu na mkwewe.

"Mzee wangu, mgeni husindikizwa na mwenye nyumba. Hasindikizwi na mtoto. Mwache huyo. Nitakusindikiza mimi."

Mkono wa Chiriku ukaanguka.

Breki akampa dada mfuniko. "Shika usukani. Usizime gari, usisimame popote mpaka mwisho wa safari. Namtoa mgeni, narudi." Akamgusa mtoto shavuni. Akafungua mlango wa hewani, akasimama, akapita kati ya meza na kabati kuelekea kwenye korido. Nilisikia viatu vyake kwenye sakafu. Halafu nikavisikia kwenye nyasi. Halafu kwenye maji. Halafu sikusikia kitu.

Dada aliendesha. Sijui alipata wapi moyo huo. Machozi yanamdondoka kwenye mfuniko, huku anataja vituo kimoja kimoja: heroe hawa hapa, twiga wale, hawa ni tembo, tumefika. Aliposema tumefika, redio ya jirani ikarudi.

Tukamtafuta chumbani, bafuni, darini. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo kwa ndani. Funguo za mbele zilikuwa bado kwenye upindo wa kanga ya dada. Polisi walituhoji mpaka wakachoka, na hadi leo kuna ndugu zake wanaoamini kuwa tunajua alikozikwa. Nawaelewa. Ukweli wenyewe ungewasaidia nini?

Miaka ikapita. Chiriku akapona, akakua, akafika sekondari. Ni msichana mpole anayechagua maneno. Dada hakuolewa tena na hakuvaa nguo za msiba. Alijifunza udereva kwenye shule ileile ya mumewe, akanunua gari dogo kuukuu la kuwashwa kwa ufunguo na sala. Siku moja akanitandazia ramani. Ilikuwa ramani mpya, lakini vituo ni vilevile.

"Umepata wazimu," nikamwambia.

"Aliniambia anarudi," akasema. "Kama hawezi kuja, nitamfuata."

Nilimsihi amwache mtoto kwangu. Chiriku mwenyewe akakataa. "Baba alikwenda kwa ajili yangu, Mjomba. Mama hataenda peke yake." Nami likizo yangu ilikataliwa, wakaondoka wawili.

Yanayofuata aliniambia dada, mara moja tu, na alinikataza kumuuliza tena.

Bwawani waliwaona viboko. Wengi, wanapiga miayo, na Chiriku alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Wakala machungwa garini, wakaendelea. Barabara ilikuwa kavu, vumbi tupu. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi. Wakaanza kupanda kilima kidogo. Baada ya kona, matete.

Mtu alikuwa amesimama kando ya barabara. Dada alimjua kwa mabega kabla hajauona uso. Alikuwa vilevile, hajazeeka hata kidogo, ila alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Alikuwa anapunga mkono. Lakini hakuwa anasimamisha gari. Alikuwa anausukuma ule mkono mbele, mbele, kama alivyowafanyia wanafunzi wake kwenye makutano ya barabara: pita, pita, usisimame.

Mke gani atapita? Dada akaondoa mguu kwenye mafuta.

"Mama, usisimame," Chiriku akanong'ona kutoka kiti cha nyuma.

"Ni baba yako!"

"Namwona. Hayuko peke yake."

Gari likazimika.

Dada akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya. Gari likaanza kurudi nyuma, taratibu, kuelekea kwenye matete. Akakanyaga breki, breki hazikushika. Akainua macho kutazama kando ya barabara. Mtu hayupo. Mlango wa upande wa Chiriku ukalia, kitasa kikapanda. Kikashuka. Kikapanda.

"Baba," Chiriku akasema. Hakupaza sauti.

Gari likasimama. Kisha likaanza kwenda mbele. Kupanda kilima, injini imezima, likaenda. Lilikwenda kwa kusitasita, likapata kasi kidogo, na dada akafanya alichofundishwa kwenye kiti cha mbao: akaingiza gia, akaachia klachi. Injini ikashika. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho, akalia kwa sauti njia nzima, na hakutazama kioo hata mara moja. Anasema hilo ndilo analojuta. Chiriku ndiye aliyegeuka nyuma. Alichokiona hajakisema.

Hawakuendelea na safari. Walizunguka kwa barabara nyingine wakarudi nyumbani, na asubuhi mimi, niliyekuja kuwajulia hali, ndiye niliyetoka na ndoo kwenda kuosha gari. Vumbi lilikuwa limelifunika lote, jekundu, kila mahali sawasawa. Isipokuwa nyuma. Kwenye buti palikuwa na alama za viganja viwili vipana, vidole vimetanuka, vya mtu aliyeegemea kwa uzito wake wote kusukuma.

Nikazunguka upande wa Chiriku. Kuanzia kwenye kitasa cha mlango wake kulikuwa na michirizi ya vidole vinne, mirefu kuliko ya mtu, imevutwa kuelekea nyuma mpaka pale bati linapoishia. Hiyo haikuwa ya vumbi. Ilikuwa ya tope, na tope lilikuwa bado bichi.

Nikamwita dada. Alitazama mlango, akachukua brashi mwenyewe, akausugua mpaka rangi ikachubuka. Kisha akaenda nyuma ya gari, akainama, akaweka viganja vyake juu ya vile viganja. Buti lile halijaoshwa hadi leo.