Ua la Odile Kwenye Ngazi

Clémence alipokuwa akishuka kuchemsha kahawa ya asubuhi, kiganja chake kilikuta ua kwenye kishikio cha ngazi. Jana lilikuwa tumba.

"Mansuy, hili umelifungua lini?"

"Chuma hakifunguki, mke wangu. Umelala vibaya."

Lakini ngazi nzima ilinuka udongo mbichi.

Mansuy alikuwa mfua vyuma mjini Nancy, enzi zile ambapo hapakuwa na kitasa wala taa isiyotaka kuwa ua. Karakana za mji huo zilikuwa na sharti moja: usichore mmea kwa kukumbuka, uchume ukiwa hai, uweke mezani, uufuate. Kwa kishikio cha nyumbani kwake alichuma mmea wa kutambaa wenye maua meupe, pale ulipostawi kuliko kote: juu ya kaburi la binti yao, Odile. Hakumwambia mtu.

Akaja Bwana Pernot, mkaguzi wa majengo wa manispaa, na futi kamba. Akapima kishikio, akakunja uso.

"Kimezidi mchoro ulioidhinishwa. Nani amekipa kibali cha kukua?"

"Kiulize chenyewe," Mansuy alimjibu.

Pernot akainama. Kikonyo cha chuma kikamzunguka kidole, taratibu, kama mtoto anayetaka kuvushwa barabara. Alitoka mbio, kofia akaiacha, na shauri hilo halikufunguliwa jalada.

Clémence akaketi ngazini. "Odile ndivyo alivyokuwa akishika," alinong'ona. Hapo Mansuy akasema alikouchuma ule mmea.

Padri Thiébaut, walipomwita, alinusa hewa tu.

"Mama, wewe na mumeo mmemvuta mtoto huku. Hawezi kukaa, hawezi kurudi. Kikateni shinani, leo."

"Baba, nimfukuze mwanangu kwao?"

"Umwache alale."

Mansuy akashika msumeno, na kadiri meno yalivyozama ndivyo vikonyo vilivyojinyoosha kumwelekea mama, na ngazi ikanuka udongo, kisha homa, kisha nywele za mtoto zilizotoka kuoshwa, hata Clémence, aliyekuwa ameapa kutogusa, akatoa kidole, kikashikwa, naye akakiacha hapo mpaka chuma kikakatika na kupoa.

"Ameachia?" Mansuy aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi ndiye niliyeachia."

Theluji ilipoyeyuka walikwenda makaburini. Mmea ulikuwa umeota upya. Clémence akagusa chipukizi moja. Pete yake ikalia, ting. Lilikuwa jeusi, la baridi, na ncha yake imeelekea nyumbani kwao.

Akavua shali, akalifunika taratibu, kama anayemfunika aliyelala.

"Mansuy," alisema, "usimwambie padri."