Barua ya Mahafali

Mama Dobi alifua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa. Kila asubuhi aliyapanga mafungu matatu: ya damu, ya dawa, na yale yaliyochafuka kwa kulaliwa tu. Mashine mbili zilikuwa nzima. Ya tatu ilimwaga maji ilipotaka yenyewe, na wafuaji waliiita Mkwe, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigombeza.

Siku moja mwanawe wa mwisho, waliyemwita Kitinda, alimfuata kazini. Mkononi alikuwa na bahasha.

"Mama, chuo kimetoa barua za mahafali. Ni mwezi ujao."

Wafuaji wakapiga vigelegele. Mama Dobi aliipokea ile bahasha kama mtu anayepokea kaa la moto.

"Mbona hufurahi?" Kitinda akauliza.

"Nafurahi, mwanangu. Nenda nyumbani, nina kazi."

Alipoondoka, mama akaichomeka bahasha kifuani.

Miaka minne nyuma, bahasha kama ile ilikuja kwa ajili ya binti yake mkubwa. Wakati huo mumewe alikuwa hai. Alikuwa fundi viatu, mguu wake mmoja mbovu, na alitembea kwa gongo. Yeye na mkewe hawakujua kusoma. Kitinda alikuwa shule ya bweni. Fundi aliitazama barua, akaigeuza, akaiweka kabatini chini ya mashati.

"Mahafali ni mahafali," alisema. "Tutafika, tutaingia. Nani atamzuia mzazi?"

Binti alipiga simu kutoka chuoni. "Baba, mmeisoma barua?"

"Tumeisoma yote, mwanangu," Fundi akajibu.

Siku ilipofika walikwenda watu kumi na wanne. Mdogo wake Fundi, yule baba mdogo asiyekosa shughuli, alibeba ngoma. Walifika saa nne wakiimba. Mlinzi wa getini akawauliza, "Kadi zenu ziko wapi?"

"Kadi gani?"

"Zilikuwa ndani ya bahasha. Tena hata mngekuwa nazo, milango imefungwa tangu saa tatu."

Wakasimama nje, kwenye uzio wa waya. Kipaza sauti kilisoma majina mengi sana. Fundi aliegemea gongo lake kwa saa tatu nzima. Kila walipomwambia akae chini, alisema, "Bado hajaitwa." Jina la bintiye liliposomwa, alivua kofia. "Mmesikia?" akasema. "Mmesikia?"

Halafu akasema, "Twendeni kabla hajatoka."

"Kwa nini?" mkewe akauliza. "Si tumngoje tumpongeze?"

"Akitukuta hapa atajua hatukuisoma barua. Atajua wazazi wake ni mbumbumbu. Mwambieni gari liliharibika njiani."

Akawaapisha wote, mmoja mmoja. Nao wakala kiapo.

Binti aliposikia habari ya gari, alisema neno moja tu. "Sawa."

Akapata kazi mji wa mbali. Simu zake zikawa chache. Kwa baba yake hakupiga kabisa. Baada ya miezi minane, Fundi aliugua mapafu akafa. Binti alikuja kuzika. Hakutoa chozi, na kesho yake akaondoka na gari la asubuhi.

Arobaini ya msiba ilipopita, Mama Dobi alijiandikisha darasa la watu wazima. Hakumwambia mtu sababu.

Sasa alikuwa na barua ya pili. Aliipeleka kwa jirani yake, Mama Usajili. Huyu alikuwa amestaafu baada ya kufanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya usajili ya chuo. Jina likamganda.

"Jirani, nisomee," Mama Dobi akasema.

"Macho unayo, na darasani unakwenda. Soma wewe. Ukikwama nitakusukuma."

Mama Dobi akaanza. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Kila mhitimu ana... anapewa kadi mbili."

"Maana yake watu wawili," Mama Usajili akaeleza. "Si kumi, si watatu. Bila kadi mtu haingii, hata awe nani. Kila mmoja achukue na kitambulisho chake. Endelea."

"Wageni waingie kwa lango la pili. Milango itafungwa saa tatu kamili asubuhi."

"Kwa hiyo wewe uwe pale saa moja na nusu. Foleni ni ndefu. Jumapili tutakwenda mimi na wewe, tulione hilo lango kwa macho. Siku yenyewe si siku ya kutafuta njia."

Mama Dobi akasoma mstari uliofuata. Akaurudia. Kidole kikasimama.

"Mgeni mwenye shida ya kutembea apige simu siku saba kabla. Atawekewa kiti karibu na mlango."

Akauliza, "Haya maneno yalikuwemo hata kwenye barua ya miaka minne iliyopita?"

"Yapo kila mwaka. Mwaka ule niliyapiga chapa mimi mwenyewe."

"Kiti," Mama Dobi akasema. "Kulikuwa na kiti."

Akasimulia yote. Kwa mara ya kwanza alikivunja kile kiapo. Mama Usajili alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni akauma midomo.

"Ukuta mmoja, jirani! Mlikuwa mnaishi ukuta mmoja na mimi. Mngenigongea tu."

"Fundi alikuwa akiona haya."

"Mficha uchi hazai. Namba ya simu iko hapo juu ya barua. Anayepokea hakuulizi umesoma mpaka darasa la ngapi. Anakujibu unachouliza, basi."

Mama Dobi akakunja barua. "Kadi mbili. Moja yangu. Nyingine ya dada yake."

Kwanza ilibidi amkabili baba mdogo, ambaye alikuwa ameshakaza ngozi ya ngoma yake.

"Shemeji, unaninyima mahafali ya mtoto wa kaka yangu?"

"Sikunyimi. Kadi ni mbili. Njoo hapa nyumbani saa tisa alasiri na ngoma yako, upige mpaka ichanike. Lakini getini sitaki kukuona."

"Umekuwa mkali tangu ujue kusoma."

"Ungejua kilichoandikwa, ungekuwa mkali kunishinda."

Akaondoka amenuna.

Kumpigia binti kumwalika, na kumtajia lango na saa, kulikuwa kugumu zaidi.

"Mama, sina nafasi," binti akasema. "Kwangu mliharibikiwa na gari. Kwa Kitinda gari limepona?"

Mama Dobi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamwambia. Barua kabatini, kadi, mlinzi, uzio, saa tatu nzima juu ya gongo. Akamwambia na habari ya kofia.

Upande wa pili binti akakata simu. Hakupiga tena wiki ile, wala iliyofuata. Mama Dobi akadhani amempoteza kabisa.

Siku ya mahafali aliamka mapema. Alivaa gauni lake la kitambaa cha bluu na viatu vya chini, kwa sababu Mama Usajili alimwonya kwamba viwanja vya chuo ni vikubwa. Mkobani alitia kadi mbili, kitambulisho, chupa ya maji na miwani. Kitinda alikuwa ametangulia na joho lake, alilolichukua chuoni siku mbili kabla. Walishakubaliana kukutana mbele ya maktaba baadaye, maana katika umati ule simu hazisikiki.

Saa moja na nusu alikuwa kwenye lango la pili. Binti yake alikuwa amesimama hapo, na begi la safari miguuni.

"Nimesafiri tangu jana," binti akasema.

Mama akampa kadi. Wakaingia.

Walipata viti safu ya nne. Ukumbi ulijaa. Saa tatu kamili walisikia milango ikifungwa, na nje watu wakibishana na walinzi. Binti aligeuka kutazama nyuma, akageuza uso haraka.

Jina la Kitinda liliposomwa, Mama Dobi alisimama akapiga kigelegele kimoja kirefu. Kijana akamwona pale pale kutoka jukwaani, akamwinulia kofia huku amefumbua mdomo kwa kicheko. Binti alipiga makofi. Kisha akaketi, akaanza kulia. Alilia bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka mtu wa kiti cha jirani akampa leso.

"Nilimtafuta," akasema. "Kutoka jukwaani nilitafuta kila safu. Nikasema, baba huyu hanipendi. Amekufa nikisema hivyo hivyo."

Mama Dobi akamshika mkono.

"Angeniambia tu, mama. Ningewaeleza kwa simu barua inasema nini. Dakika mbili."

"Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa."

Jioni kulikuwa na shangwe nyumbani. Baba mdogo alikuja, akasahau kununa. Kitinda alicheza na joho lake mpaka dada yake akamkumbusha kwamba chuo kinalitaka lirudi zima. Binti akakaa siku tatu, na siku hizi hupiga simu kila Jumamosi. Humuuliza mama mambo ya baba yake. Mengine mama anayajua. Mengine alikuwa anayajua Fundi peke yake.

Mwaka uliofuata, pale kazini, mpiga pasi alimvuta Mama Dobi nyuma ya mashine. Alitoa bahasha ndani ya aproni. Mtoto wake alikuwa anahitimu.

"Nisaidie," akanong'ona. "Lakini usiwaambie hawa kwamba sijui kusoma."

Mama Dobi akafuta mikono. "Sitamwambia mtu. Kaa hapa tuanze na kadi. Lakini mwanao mwambie wewe mwenyewe. Mwambie leo."